Mkono wa Kulia wa Mama Pindo

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halikuwa linafumuka. Ungeweza kuivaa suruali aliyoishona yeye mpaka magoti yatoboke, lakini kule chini kwenye kifundo cha mguu uzi ungali umekaza kama siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mabega yameinama mbele kama ya mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Miaka thelathini ya kuinamia cherehani humfanya mtu hivyo. Pini alizoea kuzibana midomoni, kwa hiyo alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo hata siku ambazo hakuwa na pini.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele, chenye mlango wa barabarani, ndicho alichoshonea. Cha katikati ni sebule. Cha nyuma walilala yeye na mwanawe, vitanda viwili, kabati moja. Na pale sebuleni, ukutani, palikuwa na piano nzee iliyotoka katika ukumbi mmoja uliobomolewa. Wanaume wanne waliibeba, na ilibidi mlango ung'olewe ndipo ipite. Sasa ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kijivu, kitambaa kilichokatwa kwa vipimo na kushonwa vizuri, kama sanda ya mtu mwenye heshima zake.

Piano ilikuwa ya mwanawe. Alikuwa mmoja tu, binti wa miaka ishirini na minne, na tangu utotoni walimwita Chiriku, maana alikuwa hanyamazi. Baba yake aliondoka mapema, akaacha koti moja na anwani ya uongo, na dada yake tu ndiye aliyeendelea kuwajulia hali. Chiriku alikua chini ya meza ya kukatia vitambaa, akiimba na vipande vya nguo mikononi, na alipofika miaka tisa mama yake akampeleka kwa mwalimu wa piano aliyekuwa mitaa miwili mbele. Miaka kumi na mitatu alijifunza. Mama Pindo hakujua hata nota moja, lakini alijua mtoto wake anapocheza vizuri, kwa sababu hapo cherehani yake mwenyewe ilikuwa ikisimama bila yeye kukusudia.

Halafu ikaja ile siku ya sare.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Shule tatu zilikuwa zimeagiza sare kwa pamoja, na vitambaa vizito vya buluu vilikuwa vimepangwa mezani tabaka kwa tabaka, unene wa godoro la mtoto. Tabaka kama hizo hazikatwi kwa mkasi. Kuna mashine ya kushika kwa mkono, yenye kisu kirefu kilichosimama wima, kinachopanda na kushuka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Mbele ya kisu hicho watengenezaji huweka kinga, kijichuma kinachoshuka mpaka juu ya kitambaa ili kidole kisipite. Na mafundi wote aliowajua Mama Pindo walikuwa wakiiondoa. Kinga inakuzuia kuona mstari wa chaki. Kinga inakwama kitambaa kikiwa kinene. "Kinga ni ya wageni," ndivyo mafundi wanavyoambiana, na anayekata akiwa na kinga huchekwa mpaka aitoe.

Asubuhi ile Mama Pindo aliitoa kwa bisibisi, akaitia kwenye droo ya vifungo. Kisha akamwita bintiye, aliyekuwa sebuleni akijiandaa kwa mtihani wake mkubwa wa piano, mtihani wa wiki tano mbele.

"Njoo unishikie ncha hii, mwanangu. Tabaka zinateleza."

Chiriku akaja, akaweka mkono wa kulia juu ya kitambaa. Mama akasukuma mashine. Vilikwenda vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete.

Nisilitie chumvi jambo ambalo tayari lina chumvi yake. Nitasema moja tu, kwa sababu bila hilo hadithi hii haina miguu. Mama Pindo aliporudi kutoka hospitali jioni hiyo kuchukua nguo za kubadilisha, kabla hata hajafuta damu mezani, aliifungua droo ya vifungo, akaitoa ile kinga, na akaifunga tena mahali pake. Skrubu mbili. Alizikaza barabara.

Na kesho yake, pale kitandani hospitalini, Chiriku akamwambia: "Mama, usilie. Ni mimi niliyesogeza mkono. Nilikuwa nawaza mtihani."

Neno lilikuwa limeshafika ulimini mwa Mama Pindo. Akalimeza. Alijiambia, ngoja apone kwanza. Alipopona, akajiambia, ngoja apate kazi. Akapata kazi, kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati, akiandika kwa mkono wa kushoto. Ikawa ngoja hii na ngoja ile, na neno lililomezwa halikai lilivyokuwa, linanenepa huko ndani. Kila mara Chiriku alipoiona ile mashine mezani, na kinga yake imekaa sawasawa, alitikisa kichwa. "Mtu mzima, kinga ipo mbele ya macho, bado unapitisha mkono," alisema siku moja, akijicheka. "Kweli mimi nilikuwa mzembe." Mama yake aliinama, akaendelea kushona.

Nyumba ikawa kimya. Chiriku hakuwa na hasira wala kisirani. Alikuja, akala, akaosha vyombo kwa mkono mmoja na nusu, akalala. Piano hakuigusa.

Mpaka Jumapili moja mchana. Mama Pindo alikuwa mbele akipiga pasi, akasikia piano. Nota nzito, za chini, zikitembea taratibu. Akazitambua. Ulikuwa wimbo wa mtihani, ule aliousikia mara mia, lakini ulikuwa upande wake wa kushoto peke yake. Ile sauti ya juu, inayoimba, haikuwepo. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu iliyokatika, anauliza, anangoja, hakuna wa kumjibu, anauliza tena. Mistari mitatu, halafu kifuniko kikafungwa.

Mama Pindo alisimama pale na pasi mkononi mpaka kola ya shati la watu ikaungua.

Jumamosi iliyofuata, Chiriku akiwa zamu, alipanda ngazi za nyumba ya mwalimu wa piano, juu ya duka la misumari na rangi. Mwalimu alikuwa mzee mwenye upara na sweta lililotoboka viwiko, sikio la kushoto limeshakufa, kwa hiyo wanafunzi walikaa kulia kwake.

"Nimekuja kujifunza," alisema Mama Pindo.

"Kujifunza nini?"

"Wimbo wa Chiriku. Mkono wa kulia tu."

Mwalimu alimtazama kwa muda. Tangu ile ajali alikuwa hajaenda kumwona Chiriku hata mara moja, na haya ya jambo hilo ilionekana shingoni mwake. "Umewahi kugusa piano?"

"Naifuta vumbi."

"Lete mikono." Akaishika, akavikunja vidole kama mtu anayekagua mbuzi. "Watoto wananiletea vidole laini na vichwa vigumu. Wewe umeniletea vyote vigumu. Kaa."

Basi akaanza, mwanamke mzima, pale wanapoanzia watoto wa miaka sita. Hiki ni kibao cha do, kitafute kushoto kwa vile vyeusi viwili. Hiki ni cha re. Usinyooshe viganja, hapa husukumi kitambaa. Vidole vina namba, mama: gumba ni moja.

"Shahada ni mbili," mwalimu akaendelea, "cha kati tatu, cha pete nne. Wimbo wako unaanza hivi. Mbili, tatu, nne. Tatu, mbili. Twende."

Mama Pindo hakwenda. Alivitazama vidole vyake vitatu vimekaa juu ya vibao vyeupe, vizima, vina makovu ya sindano tu.

"Mbili, tatu, nne," mwalimu akarudia, akidhani hakusikia. Kisha naye akatambua alichokuwa akisema, akatoa kitambaa akapenga kamasi. "Mtunzi hakujua," alisema mwisho. "Cheza tu."

Akacheza. Ilikuwa kama mtu anayegonga mlango ambao hataki ufunguliwe.

Tatizo lake kubwa halikuwa vidole, lilikuwa mguu. Piano ina pedali, na ukiikanyaga sauti zote hubaki hewani, moja juu ya nyingine, mpaka uachie. Fundi cherehani anajua kanuni moja kuhusu pedali: kazi ikianza, kanyaga, kazi ikisimama, achia. Miaka thelathini mguu wake ulikuwa umeishi kwa kanuni hiyo. Kila alipoweka kidole kwenye kibao, mguu wa kulia ulishuka wenyewe, na ukabaki chini mpaka mwisho wa mstari. Nota zikavurugana zote, kama supu iliyotiwa kila kitu cha jikoni.

"Mama, mguu."

"Sijakanyaga."

"Tazama chini."

Akatazama. Mguu ulikuwa chini, umekaza, na kisigino kinacheza.

"Unashona," alisema mwalimu. "Ninachosikia hapa ni suruali, si wimbo."

Akamwamuru aukunje mguu nyuma ya kiti, kama mtoto anayengoja adhabu. Mguu ukatii dakika mbili, ukarudi.

Nyumbani hakuthubutu kuigusa piano. Jirani yake wa mlango wa pili, fundi viatu, alikuwa mtu mwema, lakini ulimi wake haukuwa na pindo, na lolote alilolisikia saa nne zahanati ililijua saa sita. Kwa hiyo Mama Pindo akafanya anachokijua. Siku moja kwa mwalimu alipima vibao kwa futi yake, upana, urefu, vyeusi vimekaa wapi. Akarudi, akachukua karatasi ya kahawia ya kuchorea vipimo vya nguo, akachora piano nzima kwa chaki na rula, saizi yake kamili, akaandika namba za vidole juu ya vibao vya wimbo wake. Kila siku Chiriku alipokwenda kazini, aliitandaza juu ya meza ya kukatia, akaanza kugonga. Mbili, tatu, nne. Wateja wakigonga mlango, anaikunja, anaitia katikati ya karatasi za suruali za watu.

"Jirani," fundi viatu akachungulia siku moja, "unahesabu nini hapo mezani kila siku?"

"Vifungo."

"Vifungo vyako vina mdundo." Akasikiliza tena. "Lakini mdundo wenyewe una mguu mmoja mfupi."

"Wewe si fundi viatu? Ushonee kisigino."

Fundi viatu akacheka akarudi kwake. Mama Pindo hakucheka, alikuwa amepotea kwenye mstari wa tatu.

Miezi saba ilipita hivyo. Nisikudanganye kwamba alikuwa hodari. Wimbo ulikuwa wa mistari kumi na sita, na mwezi wa saba aliweza kumi na miwili, taratibu, kwa kukwama. Alichokuwa anakingojea alikijua vizuri: siku moja atakaa upande wa kulia wa piano, Chiriku atakaa kushoto, wimbo utatimia, na baada ya hapo lile deni la moyoni litakuwa limelipwa bila kinywa kufunguliwa. Hilo hakumwambia mwalimu. Hata yeye mwenyewe hakujiambia kwa maneno, lakini kila alipogonga karatasi ndilo alilokuwa akiligonga.

Jumapili moja Chiriku alikuwa akitafuta karatasi ya kufungia viatu vya kupeleka kwa fundi. Mama alikuwa nyuma akianika. Aliporudi, alimkuta binti yake amesimama mbele ya meza, karatasi imetandazwa ukingo hadi ukingo.

"Mama, hii ni nguo ya nani?"

Mama Pindo aliliweka chini beseni la nguo.

"Maana huyu mteja," Chiriku akasema, akipitisha gumba juu ya vibao vyeupe, akivihesabu, "ana viuno hamsini na viwili." Halafu akaziona namba. Akazisoma kimyakimya, midomo ikicheza. Uso ukambadilika. "Huu ni wimbo wangu."

"Ndiyo."

"Nani amekufundisha?"

"Mwalimu wako."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

Mama yake alidhani ataikunja ile karatasi aichane. Badala yake Chiriku alikwenda sebuleni, akaondoa kile kitambaa cha kijivu, akaifungua piano.

"Cheza basi."

"Sijui vizuri, mwanangu."

"Nimeshajua hujui. Cheza."

Akakaa. Vibao vya kweli vilikuwa vizito kuliko karatasi, na vilijibu. Akaanza, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, na kabla mstari wa kwanza haujaisha sebule nzima ilikuwa imejaa mvurugo wa sauti.

Akasikia kitu nyuma yake, akageuka. Chiriku alikuwa anacheka. Ameziba mdomo kwa ule mkono wake, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Mama, mguu. Mama, huo mguu unashona sare."

"Mwalimu wako ameupigia kelele miezi saba."

"Atakufa nao. Sogea huko." Akakaa kushoto kwake, nyonga kwa nyonga, kwenye kile kiti kimoja. Akausukuma mguu wa mama yake kando kwa mguu wake mwenyewe, akaishika pedali yeye kwa mguu. "Nitakanyaga mimi. Wewe imba tu. Moja, mbili."

Wakacheza. Mkono wa kushoto wa binti ulimngojea mama pale alipokwama, ukamsukuma pale alipozubaa. Mistari minne. Mistari minane. Wimbo ulikuwa mmoja tena, kilema, lakini mmoja, na Mama Pindo alilisikia bega la mwanawe likiwa moto dhidi ya lake. Ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kila alichokitaka kilikuwa pale.

Walipofika mstari wa kumi na mbili alisimama, maana ndipo ujuzi wake ulipoishia. Chiriku akaumalizia kushoto peke yake, akainua mkono.

"Unajua, mama," alisema polepole, akivitazama vibao, "kinachoniuma si vidole. Ni kwamba nilijikata mwenyewe. Kinga ilikuwepo. Kila usiku nairudia, nauona mkono unapita chini ya kinga, na sielewi ulipitaje. Najiuliza labda nilitaka. Labda niliogopa mtihani, nikataka."

Mama Pindo alikuwa hajawahi kufikiri kwamba neno alilolimeza linaweza kuwa limegeuka hivyo upande wa pili wa chumba cha kulala, kitanda hadi kitanda, miaka miwili. Angeweza kunyamaza. Wangeweza kurudia mstari wa kwanza. Binti yake alikuwa ameshaweka mkono tayari.

"Haikuwepo," alisema.

"Nini?"

"Kinga. Niliitoa asubuhi ile mimi mwenyewe. Nikairudisha jioni, ukiwa hospitali."

Chiriku hakugeuka. "Uliirudisha."

"Ndiyo."

"Kabla hujarudi kwangu."

"Ndiyo."

"Na nilipokwambia ni mimi."

"Nilikusikia."

"Na nimekwambia mara ngapi tangu siku hiyo?"

Mama Pindo hakuwa amezihesabu, na Chiriku aliona kwamba hakuzihesabu. Akainuka. Hakupiga kelele. Alikwenda chumba cha nyuma, na mama yake akasikia kabati likifunguliwa, hanga moja moja zikigongana. Alitoka na begi.

"Nakwenda kwa shangazi."

"Mwanangu."

"Usiniite. Si sasa."

Mlango wa mbele ukafungwa taratibu. Mama Pindo alibaki kwenye kile kiti, upande wake wa kulia, nafasi ya kushoto ikiwa tupu na bado ina joto. Hakulia. Alihisi wepesi fulani wa kutisha, kama mtu aliyekatwa kitu na maumivu bado hayajafika. Yalifika alipokwenda kupika akatoa sahani mbili.

Jumamosi alipanda kwa mwalimu kama kawaida, kwa sababu hakujua miguu yake iende wapi pengine. Alimweleza yote. Mwalimu alisikiliza kwa sikio lake zima.

"Unataka tuendelee na ule wimbo?"

"Hapana."

"Basi Jumamosi ijayo usije. Wala nyingine yoyote. Ulikuja kwa wimbo ule."

"Nifundishe kingine. Chochote. Cha watoto."

Akampa cha watoto, nota tano, mikono yote miwili. Alikicheza vibaya wiki nne. Nyumbani hakuificha tena sauti, na fundi viatu, ajabu ya Mungu, hakutania hata mara moja.

Wiki ya tano Chiriku alikuja kuchukua nguo zake za baridi. Aliingia kwa ufunguo wake, adhuhuri, mama yake akiwa kwenye piano na mgongo mlangoni. Mama alisikia hatua, akazijua, vidole vikamgandia. Hakuthubutu kugeuka. Hatua zikapita nyuma yake, zikaenda chumbani, kabati likafunguka. Zikarudi. Zikasimama.

"Umekonda," alisema Chiriku.

"Nakula."

"Shangazi anakusalimu."

"Nimezipokea. Mwambie nami namsalimu."

Mama Pindo akageuka mwishowe. Binti yake alikuwa amebeba rundo la sweta kifuani, kidevu kimezibana zisianguke. Alikuwa mzima, macho makavu, na mbali sana. Mama alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na cha kuficha wala cha kutoa.

"Sijakusamehe," Chiriku alisema. "Nisikudanganye. Sijui kama nitaweza."

"Najua."

"Lakini nalala. Usiku sasa nalala."

Mama Pindo akaitikia kwa kichwa. Chiriku akazipandisha zile sweta, akausukuma mlango kwa bega, akasita.

"Bomba la jikoni linadondoka," alisema. "Nimelisikia nikiwa chumbani. Liitie fundi, litaozesha ukuta." Akatoka.

Mama Pindo alisimama sebuleni mpaka hatua zilipopotea barabarani. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akafunga mlango, akaenda kumtafuta fundi bomba siku hiyohiyo, jua likiwa utosini.